Mabati ya mheshimiwa

Baba Mdogo: Hamjambo nyote. Leo mgombea mmoja wa ubunge ametoa ushuhuda kanisani kwetu, akaeleza jinsi alivyookoka, akalia mbele ya madhabahu, na waumini wengi wakalia naye. Naomba tusimhukumu, kwa sababu wapo wanasiasa waliosali kabla ya kuijua siasa. Rais Ruto mwenyewe alikuwa katika umoja wa wanafunzi Wakristo wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakati ambapo hakuwa akimwomba mtu kura ya ubunge wala ya urais.

Shangazi: Ndugu yangu, machozi sina mizani ya kuyapimia. Nilikuwa mweka hazina wa kanisa kwa miaka 9, na ninachokijua mimi ni daftari. Mwaka 2017 mgombea mwingine alisimama papo hapo, akasoma Zaburi kwa moyo bila kufungua kitabu, akaahidi mabati 80, nasi tukampigia vigelegele. Niliandika jina lake kwenye ukurasa wa ahadi, na safu ya vilivyopokelewa ikabaki tupu hadi siku niliyokabidhi daftari, huku mbao tulizokwisha kuzipigilia zikiliwa na mchwa.

Kaka Mkubwa: Shikamoo Shangazi. Pengine alikuwa na nia njema ila akakosa uwezo. Kushindwa kutimiza ahadi si sawa na kudanganya kuhusu imani.

Shangazi: Marahaba. Alishinda kiti, mwanangu.

Dada wa Nairobi: Shikamooni wazee wangu. Mimi naona tunashindana juu ya jambo ambalo Mungu peke yake analijua. Mnamo Novemba 2024, Rais alipotoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto huku Nairobi, Askofu Mkuu Philip Anyolo hakumwita mnafiki wala hakusema kwamba sala zake ni za uongo. Aliagiza fedha zirudishwe, zikiwemo shilingi milioni 2 zilizotolewa kwa ajili ya nyumba ya padri, na jambo hilo halikuhitaji kuuchungulia moyo wa mtu.

Shangazi: Na sisi Waanglikana tulitangulia. Butere, Septemba 2021, alipotawazwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu, na vigogo wenyewe walikuwa wameketi pale. Waje kusali kama sisi wengine, lakini mimbari si yao. Sasa huyu wa leo amepewaje maikrofoni?

Baba Mdogo: Nilidhani ni ushuhuda tu, si hotuba.

Shangazi: Alitoa chochote?

Baba Mdogo: Bahasha, kabla ya kuitwa mbele.

Shangazi: Imeandikwa daftarini?

Baba Mdogo: Bado. Mzee mmoja wa kanisa ameondoka nayo nyumbani, akasema itahesabiwa kesho.