Mbwa mdogo aliyeokolewa: gharama zake halisi ni zipi kabla sijamleta nyumbani?

MamaNeema_Forest

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi hapa Forest, Mbeya, pamoja na watoto wangu wawili, na ninaomba ushauri wa wale waliowahi kumchukua mbwa mdogo aliyeachwa na wenyewe. Mtaa wa jirani yupo mama ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipokea mbwa wadogo wa manyoya, wale wa kufugwa ndani, ambao wenye nao walihamishwa kikazi au walichoka kuwatunza. Kwa sasa anao saba, na anawalisha kwa fedha ya kibanda chake cha chakula. Ameniahidi jike mmoja anayekadiriwa kuwa na miaka mitano, mpole sana, ila anatoa harufu kali mdomoni na hana kadi ya chanjo. Mama huyo hamtozi mtu chochote. Anachotaka ni mbwa apate kwao.

Mshahara wangu ni wa kawaida, na nisingependa kumchukua kiumbe huyu leo halafu baada ya miezi minne nimrudishe kwa sababu nimeshindwa. Watu wananiambia kwamba mbwa wa kimo hicho hali kitu, kwa hiyo hana gharama. Je, ni kweli? Na hesabu ikinishinda, nimsaidieje yule mama kwa namna itakayowafikia mbwa wenyewe?

MgangaWaMifugo_Iringa

Mama Neema, salaam kutoka Iringa. Nimetibu wanyama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu langu ni kwamba wanaokuambia hivyo wamesema kweli nusu. Udogo wa mbwa hupunguza gharama ya chakula, lakini haupunguzi gharama ya daktari, na kwa mbwa aliyeokolewa sehemu kubwa ya fedha hutoka katika miezi mitatu ya mwanzo.

Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu una watoto. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu husababishwa na mbwa, na mtu aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana hali yake hulazimika kuchomwa sindano kadhaa, ambazo gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko sindano moja ya mbwa kwa mwaka. Fuatilia pia matangazo ya ofisi ya mifugo ya kata yako, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa ndipo kampeni nyingi za uchanjaji hufanyika. Chanjo hii mara nyingi huja katika chupa ya dozi kumi, ambayo ikishafunguliwa haihifadhiwi mpaka kesho. Kwa hiyo ukimshawishi yule mama, mbwa wake saba wachanjwe siku moja na daktari mmoja, na kila mmoja wenu atalipa kidogo kuliko angelipa peke yake. Chanjo ya mseto ya distempa na parvo, magonjwa mawili hatari ya mbwa, haipatikani katika kila duka la dawa za mifugo, na inapopatikana, uliza kwanza kama imekaa kwenye jokofu muda wote. Chanjo iliyopata joto ni fedha iliyotupwa.

Harufu ya mdomo usiichukulie kuwa jambo dogo. Mbwa mzima ana meno 42, awe mkubwa kama ndama au mdogo kama paka. Kwa hiyo katika taya fupi la mbwa mdogo meno hubanana, uchafu hukaa, fizi huoza, na mnyama hula kwa maumivu bila mwenyewe kujua. Kuyasafisha na kung'oa yaliyooza hufanyika mbwa akiwa amepigwa nusu kaputi. Kwa kuwa ni jike, na pengine hajafungwa kizazi, muulize daktari kama afya yake inaruhusu kazi zote mbili zifanyike kwa nusu kaputi moja. Hapo ndipo utakapookoa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote.

Nina ombi moja ninalolisema kwa uchungu, maana nimewazika mbwa kwa sababu hii. Usikubali mtu amchome dawa ya minyoo na kupe ya ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Ivermectin ya kawaida ya asilimia moja hupimwa mililita moja kwa kilo 50 za uzito wa ng'ombe. Kwa mbwa wa kilo nne, kipimo hicho hicho kingekuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, kiasi ambacho bomba la sindano la ng'ombe haliwezi hata kukionyesha, na wapo mbwa ambao miili yao haiivumilii dawa hiyo kabisa. Dawa za kuogeshea mifugo nazo zina hatari yake kwa mbwa wadogo. Mpime uzito kwanza, kisha nunua dawa ya mbwa.

Uyole_Viazi

Dada yangu, nakubaliana na Daktari. Mimi nina mbwa wa aina hiyo kwa mwaka wa sita sasa, niliyemkuta kwenye mfereji akiwa na kupe masikioni. Mwezi wa kwanza nilitumia zaidi ya shilingi laki moja na nusu kwa daktari na dawa. Tangu hapo, mwezi wa kawaida haunigharimu hata robo yake.

Kuhusu chakula, mbwa wa kilo nne anahitaji takribani kalori 300 kwa siku, kwa hiyo chakula kikavu cha dukani hakizidi kilo tatu kwa mwezi. Mimi sinunui cha dukani kila mwezi. Ninampikia wali wa chenga pamoja na dagaa waliooshwa chumvi, au mapafu na bandama kutoka buchani, na karoti kidogo. Ugali anakula, ila unga uwe ule ule mnaokula ninyi: mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi huwatupia mbwa wakidhani hayawadhuru, yana sumukuvu inayoua ini la mbwa upesi. Vitunguu, mifupa ya kuku iliyopikwa na viazi vilivyogeuka kijani usimpe kabisa. Onyo hilo la mwisho ninalitoa kwa sababu huku kwetu Uyole viazi haviishi uani.

Gharama ambayo watu wa Dar es Salaam hawaifikirii ni baridi. Tupo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mwili mdogo kama huo hupoteza joto upesi, hasa mbwa akiwa amekonda. Hahitaji nguo ya duka. Mkono wa sweta la mtumba kutoka Mwanjelwa, ukitobolewa matundu mawili ya miguu, unamtosha, na alale ndani, kwenye boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni. Usimwachie jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua mbwa na watu. Manyoya marefu nayo yana kazi: yasipochanwa kila siku mbili tatu hushikamana mpaka ngozi inatoa vidonda, na hapo utarudi kwa daktari.

Mwalimu_Kihesa

Nijibu swali lako la pili, kwa sababu mimi ni mmoja wa walioshindwa kufuga. Ninakaa chumba cha kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Kwa mtu anayewatunza mbwa walioachwa hapa Iringa, nilichagua gharama moja tu niibebe, nayo ni dawa ya minyoo ya mbwa wake wote kila baada ya miezi mitatu. Ninamlipa mwenye duka la dawa moja kwa moja, naye hunitumia picha ya risiti. Mwaka juzi nilituma fedha kwa mtu niliyeona picha zake za mbwa wagonjwa mtandaoni, na sikuwahi kujua zilikwenda wapi. Tangu hapo sitoi fedha mahali ambapo siwezi kufika kwa miguu. Njia nyingine ni kumlea mbwa kwa muda, tuseme wiki mbili baada ya upasuaji, mama huyo akabaki na jukumu lenyewe. Kwa mwenye saba ndani ya nyumba moja, nafasi tulivu ya mgonjwa ina thamani kuliko mfuko wa chakula.

MamaNeema_Forest

Shikamoo Daktari, na ninyi wengine asanteni sana. Leo tumempima kwenye mizani ya dukani: kilo tatu na robo, na mbavu zake zinahesabika. Nimeamua kumchukua, lakini baada ya mshahara wa mwezi huu, ili fedha ya meno iwepo mkononi kwanza. Mama amekubali wote saba wachanjwe siku moja, na majirani wawili wenye mbwa wa ulinzi wanataka kuingia katika chupa hiyo hiyo. Je, mbwa mkubwa na mdogo wanapata dozi sawa?

MgangaWaMifugo_Iringa

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, kwa chanjo ya kichaa dozi ni sawa, kwa kawaida mililita moja kwa kila mbwa, bila kujali uzito. Mko tisa, kwa hiyo tafuteni wa kumi. Kwa alivyokonda, mlishe vizuri wiki tatu hivi na daktari amkague moyo kabla ya nusu kaputi.