Mdogo wangu katoka soba, nimwache aende baharini?

Dada wa Mtongwe:
Assalam alaykum jamani. Mdogo wangu ana miaka 26, ametoka soba, ile nyumba ya kuachia dawa za kulevya, juzi baada ya miezi minne. Unga (heroini) ameacha, lakini mchana kutwa amelala, na jioni anazunguka uani kama mtu aliyepotezewa kitu. Mjomba wetu ana ngalawa, anataka awe anatoka naye. Mama hataki hata kusikia, anaogopa ataanguka majini. Kuna aliyejaribu?

Mtu wa Tudor:
Waalaykum salaam dada. Mie huu mwaka wa sita tangu niache, na nilianzia huku Tudor, kwenye mikoko, maji yametulia. Siku ya kwanza nilipewa kopo la kufua maji, basi. Mikono yatetemeka, nusu ya maji najimwagia mapajani. Nahodha hakuniuliza habari za unga hata siku moja. Alisema tu, "Fua, yanaingia." Wiki ya tatu akanishikisha kamba ya tanga. Ile kamba huwezi kuishika huku mawazo yako maskani, kule tulikokuwa tukivutia. Nikaja kushtuka saa kumi ya jioni, ile saa yangu mbaya, imepita niko majini.

Sasa nisikilize. Kama anakunywa methadoni, ile dawa ya kliniki ya kumsaidia mtu kuacha unga, aanze kliniki ndipo aende pwani. Asipande chombo chenye mabaharia wanaovuta, na wapo. Pesa ya samaki asipewe mkononi kwanza, mjomba amkabidhi mama. Mie shilingi 300 zangu za mwanzo nusura zinirudishe. Na kusi ikivuma wasitoke nje ya mwamba, wangoje tanga mbili, ule wakati wa upepo mpole kati ya kusi na kaskazi.

Mama Swafiya:
Ya pesa ni kweli tupu. Wala jambo lenyewe si geni: Outward Bound, ile shule ya kuwakomaza vijana kwa safari na kazi za nje, ilianzia Aberdovey, Wales, mwaka 1941, kuwafunza mabaharia vijana kustahimili bahari. Lakini ushauri nasaha asiuache mwanangu. Na akiteleza akarudia unga, Mungu apishe mbali, mwili umeshasahau: kipimo chake cha zamani chaweza kumuua. Mwambieni waziwazi, msimfiche.

Dada wa Mtongwe:
Shukran sana, nimelia nikisoma. Mama amekubali, ila avae jaketi la kuokolea na wasitoke nje ya mikoko. Mdogo wangu nimemsomea yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaenda jikoni kutafuta kopo. Kesho maji yakijaa mjomba atampitia.