Je, bustani ya Moerenuma ni sanamu kweli?

Mwanafunzi wa uchongaji:
Wanajukwaa, salaam. Ninasoma kazi za Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani ambaye baba yake alikuwa Mjapani, na sasa nimefikia bustani ya Moerenuma huko Sapporo, Japani. Inaelezwa kuwa sanamu moja kubwa, lakini katika picha zilizopigwa kutoka angani ninaona vilima, nyasi na njia zilizonyooka. Ni kwa hoja gani eneo la takriban hekta 189 lihesabiwe kuwa uchongaji na si usanifu mzuri wa mandhari?

Msomaji wa Tanga:
Ndugu, picha hizo ndizo zinazokupoteza, kwa kuwa zinakuweka mahali ambapo hakuna mgeni wa bustani anayesimama. Mwaka 1933 Noguchi aliwabunia watoto wa New York Mlima wa Kuchezea, ambao udongo wake wenyewe ungechongwa ili waupande na kuteleza, lakini Robert Moses, msimamizi wa bustani za jiji, akaukataa. Mwaka 1988 Sapporo ilimpa eneo lililokuwa likifukiwa taka, akaandaa mpango mkuu, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Bustani ilikamilika mwaka 2005, na humo umo Mlima wa Kuchezea wenye kimo cha mita 30.

Mwalimu wa sanaa:
Niongeze habari ya miguu. Upande mmoja wa mlima huo una ngazi za mawe, na upande mwingine una njia inayopanda taratibu. Kwa jicho lililo mbali, hilo ni umbo moja, ila anayezipanda ngazi huinua magoti, pumzi humpanda na mawe humjaa machoni, ilhali anayefuata njia hutembea akitazama mbali, na kilele humjia bila kumshtua. Vivyo hivyo, katika bustani ya Odori, katikati ya Sapporo, kuna sanamu ya Noguchi ya graniti nyeusi ambayo watoto huipanda kwa ngazi za ndani, kisha huteleza kwa nje huku wakilizunguka jiwe. Mgongo wa mtoto huyo unaujua mpindo wa jiwe kuliko macho yangu.

Mkaazi wa Mombasa:
Ninakubali, ila tusiivute hoja hiyo mno. Kama jasho pekee lingetosha, kila mlima ungekuwa sanamu, na mgeni aliye katika kiti cha magurudumu angekosa kazi yote, jambo ambalo si kweli, kwani upepo, ukubwa na umbali humfikia pia. Kinachoifanya kuwa uchongaji ni uamuzi: Mlima Moere, kilima kingine cha bustani hiyo, umerundikwa kwa taka zisizoungua na udongo wa ujenzi, na mchongaji ndiye aliyeamua umbo lake. Kwa masomo yako, tafuta michoro inayoonyesha miinuko kwa ubavu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuonyesha mguu unakutana na nini.