Binti yangu katimiza miaka mitatu na kila kitu kimebadilika: tupeane uzoefu

Mama Kifunguamimba
Wazazi wenzangu, salaam. Leo binti yangu katimiza miaka mitatu. Nimemtazama akizima mishumaa, machozi yakanitoka mbele za watu. Ndani ya mwaka huu tumehama nyumba, kaanza chekechea na kapata mdogo wake. Mtoto aliyekuwa keshaacha nepi akaanza tena kukojoa kitandani, akadai chupa, akawa anaongea kitoto. Kisha taratibu akajirudi. Juzi kamfunika mdogo wake bila kuambiwa na mtu, akanigeukia: "Mama, usipige kelele, mtoto wangu kalala." Nyie mlisherehekeaje siku kama hii wakati maisha yanayumba? Na watoto mliwavushaje?

Shangazi Mkali
Hongera mama, umelea. Huko kurudi nyuma mdogo anapozaliwa ni kawaida, usimkaripie. Wangu alidai kunyonya na meno yake yote 20 mdomoni.

Baba Njiti
Dada, umenirudisha mbali. Mwanangu alizaliwa wiki ya 29. Usiku mbaya kuliko yote ni ule alioacha kupumua kifuani kwangu. Nilikuwa nimembeba kangaruu, ngozi kwa ngozi, mama yake hajapata nguvu ya kuinuka. Nikahisi kile kifua kidogo kimetulia, halafu mashine ikaanza kulia. Nimekaa pale, siwezi kuita wala kusimama. Muuguzi akaja kwa hatua zake za kawaida, akamsugua nyayo na mgongo, mtoto akavuta pumzi. Akaniambia, "Baba, hawa husahau kupumua, ndiyo maana tupo. Endelea kumbeba."
Mwaka ulipotimia nikaita ndugu wote. Swali likawa moja tu: mbona hajasimama dede? Hawakujua kwamba njiti ana umri wa aina mbili, kliniki wanaondoa zile wiki alizowahi kuja. Siku ile wangu kimakuzi alikuwa na miezi tisa na nusu, na huhesabiwa hivyo mpaka atimize miaka miwili. Mke wangu alijifungia chumbani akalia, sherehe ya mwanawe inaendelea sebuleni. Siku hizi tunasherehekea mara mbili: siku aliyozaliwa, na siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali. Hiyo ya pili hatualiki mtu.

Nimepita Tu
Pole sana baba. Na hata hao waliotimiza siku zao hawalingani. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: wapo waliotembea peke yao na miezi 8, wapo waliokaribia 18. Watu waache kushindanisha watoto.

Mpanga Bajeti
Nitasema ukweli hata kama utauma. Sherehe ya mtoto mdogo ni ya wazazi. Nani hapa anakumbuka alipotimiza mwaka mmoja? Hiyo hela wekeni ya shule.

Shangazi Mkali
Hakumbuki hata maziwa aliyonyonya. Tungemnyima?

Mpanga Bajeti
Usipindishe hoja, shangazi. Sijasema asipendwe. Nasema watu wanakopa kwa ajili ya picha.

Shangazi Mkali
Nani kakopa hapa? Mleta mada kataja mishumaa tu.

Mlezi Peke Yangu
Mimi ile siku niliihitaji kuliko mtoto. Baba yake alikuwa ndio kwanza kaondoka. Kijana akauliza, "Baba anakuja?" Nikamjibu kweli: haishi hapa tena, ila atapiga simu. Alipiga. Mtoto akamwonyesha viatu vipya, mguu mmoja baada ya mwingine. Nilifurahi mno.

Mama Pacha
Samahani naingilia, ila mwenye maputo ndani asome hapa. Pacha wangu walikuwa wanatimiza miaka miwili. Puto likapasuka, watoto wakacheka, mmoja akaokota kipande akatia mdomoni. Hakuna aliyeona. Nilipogeuka kafumbua mdomo, hakohoi, halii, midomo inabadilika rangi. Bibi yake akataka kuingiza kidole kooni. Jirani aliyefundishwa huduma ya kwanza akamzuia, akamlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kimya. Akamshika kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, akabinya kwa ndani na juu. Mara ya tatu mpira ukatoka, mtoto akalia. Tukakimbia hospitali akaangaliwe tumbo. Mpaka leo nikisikia puto linapasuka magoti yanalegea.

Nimepita Tu
Mungu mkubwa! Mwili umenisisimka.

Mpanga Bajeti
Wengine husaidia kwa kumnywesha maji.

Muuguzi Mstaafu
Hapana! Maji wala chakula asipewe. Na kidole usiingize kama kitu hukioni, utakisukuma ndani. Anayekohoa kwa nguvu mwacheni akohoe. Mama Pacha, jirani yako alijua. Ila aliye chini ya mwaka mmoja tumbo halibinywi, unabonyeza kifuani. Akizimia, anza kushindilia kifua huku mwingine akiita msaada.

Baba Njiti
Nimenakili yote. Mama Pacha, huyo jirani mwalikeni kila mwaka.

Mama Kifunguamimba
Nimetoka kuyatoa maputo sebuleni. Asanteni kutoka moyoni. Na chekechea bado analia asubuhi, nifanyeje?

Shangazi Mkali
Muage haraka uondoke.

Mlezi Peke Yangu
Mimi nilikaa naye kwanza, nikapunguza muda kidogo kidogo.

Mwalimu wa Wadogo
Vyote hufanya kazi, ila usitoroke bila kumuaga, kesho yake atakung'ang'ania zaidi. Na nyumbani mwachieni kitu kimoja kisichobadilika: blanketi lile lile, hadithi ile ile ya kulala. Kumlea mdogo ni hiari yake, msimgeuze yaya.

Mama Kifunguamimba
Nimekuelewa, mwalimu. La mwisho: siku hizi anakula kidogo kuliko zamani.

Muuguzi Mstaafu
Akitimiza mwaka wa kwanza mtoto huwa na uzito karibu mara tatu ya aliozaliwa nao. Wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi, na kasi haipandi tena kama mwanzo, kwa hiyo njaa hupungua. Tazama mstari kwenye kadi ya kliniki. Ukiwa unapanda na anacheza vizuri, usimlazimishe. Ukilala au ukishuka, mpeleke.