Popi wa Mama Kulwa

Kikundi: MAJIRANI NYEGEZI JUU

Mama Kulwa: Mwangaluka wote. Huyo aliyelala getini kwangu si fisi, Mama Neema acha yowe. Ni mbwa wangu tangu jana. Anaitwa Popi.

Mama Neema: Popi!! Popi ni kijibwa cha kubeba kwenye kapu. Huyo ndama.

Baba Kulwa: Mimi nimerudi toka Geita usiku nikajua nimekosea nyumba.

Mjumbe: Mama Kulwa, umemtoa wapi? Cheti cha chanjo anacho?

Mama Kulwa: Shikamoo Mjumbe. Mpangaji wa ile nyumba ya bluu chini ya mawe alihama akamwacha kafungwa kwenye mpera. Watoto wa shule ndio walikuwa wakimrushia maandazi. Nilienda na ufagio kwa uoga, yeye akaninyooshea mguu nimsalimie. Shingo yote mnyororo umeila, hana unyoya. Cheti hakuna.

Mjumbe: Marahaba. Basi hatoki getini mpaka achanjwe. Kichaa cha mbwa dalili zikishamtokea mtu ni kifo, tusitaniane. Na mbwa yeyote akimng'ata mtoto, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Si kupaka mafuta ya taa.

Ustadhi: Assalaam aleykum. Sina ugomvi na mbwa. Ila asubuhi kapitisha ulimi kwenye mkeka wangu wa kuswalia niliouanika ukutani. Na ukuta wenyewe una futi 5.

Mama Kulwa: Wa aleykum salaam. Nisamehe sana Ustadhi, leo nakuletea mwingine.

Ustadhi: Mwingine wa nini, huu utaoshwa. Wewe nunua kamba.

Mama Kulwa: Kamba ipo tayari, Ustadhi.

Mama Neema: Mbwa gani lakini?

Mama Kulwa: Chotara. Kichwa cha boerboel, lile libwa la Afrika Kusini la kulinda shamba, masikio ya mbwa koko, roho ya kifaranga. Jana bata wa Bibi kamkimbiza hadi uvunguni, kitanda kikanyanyuka na mimi juu yake.

Bibi: 😂😂 Bata wangu hana adabu. Anakula nini? Mapanki, mifupa ya sangara, si yapo?

Mama Kulwa: Naogopa miba, Bibi. Dona na dagaa, asubuhi na jioni. Dume kubwa hivi ukilishibisha mara moja kwa siku, tumbo linaweza kujaa hewa likajipinda, unamzika kesho.

Mama Neema: Na unga ulivyopanda. Haya.

Mama Kulwa: Daktari wa mifugo anakuja saa kumi na chanjo. Ila dawa ya minyoo anaipima kwa kilo, na mizani ya Mangi inaishia 10.

Bibi: Njoo uchukue mizani ya mpunga stoo kwangu.

Saa 9:40 alasiri

Mama Kulwa: [picha]

Mama Neema: Jamani! Kalala begani kwa Baba Kulwa kama mtoto wa kliniki.

Mama Kulwa: Peke yake kagoma, chuma kinamtisha. Wamepanda wote wawili, kilo 129. Sasa tutoe za Baba Kulwa.

Baba Kulwa: Andikeni 70.

Mama Neema: 70 ya mwaka gani?

Baba Kulwa: [ujumbe wa sauti, sekunde 4]

Mama Kulwa: Daktari yuko getini. Anasema ukijipunguzia wewe, mbwa ndiye anayezidishiwa dawa.

Ustadhi: Hapo pana haki ya mnyama.

Mjumbe: Baba Kulwa, panda mizani.