Darubini ya kutumia ziwani hapa Mwanza: namba kubwa au kioo bora?

Nahodha wa Ghuba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaendesha boti ndogo ya injini inayowatembeza wageni kutazama ndege kandokando ya Ghuba ya Mwanza na kuzunguka Kisiwa cha Saanane, na wengi wao huja mikono mitupu wakitegemea kwamba mwenye boti atakuwa na darubini. Nimeamua kununua mbili za macho mawili, moja yangu na moja ya kuwaazima wageni, lakini kadiri ninavyoulizia mjini ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Kuna iliyoandikwa 8×42, nyingine 10×50, nyingine 20×50, na ipo hata moja iliyoandikwa 90×80 ambayo inaenea kiganjani. Bei zake hazifuati namba hizo kwa namna yoyote ninayoweza kuielewa. Mgeni mmoja alikuwa na 8×42 ambayo, kwa maelezo yake, ilimgharimu zaidi ya injini ya boti yangu. Nilipoitazamia nilimwona furukombe hadi manyoya ya shingoni, ilhali ya dukani yenye namba zilezile ilinionyesha ndege mwenye ukingo wa zambarau kichwani.

Naomba kufahamishwa namba hizi zina maana gani, fedha nyingi ile inalipia kitu gani ndani ya bomba, na mtu asiye na vifaa vya maabara anawezaje kuipima darubini palepale dukani. Pia nahitaji miwani ya jua ya kunisaidia kuona mawe yaliyo chini ya maji, maana mng'ao wa ziwa unanichosha macho.

Fundi Kamera

Kaka Nahodha, namba ya kwanza inaeleza darubini inakuza mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata kipenyo cha duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni: kwa 8×42 ni milimita 5.25, kwa 10×50 ni 5, na kwa 20×50 ni 2.5 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana kufikia milimita mbili au tatu, kwa hiyo zote tatu zitakutosha. Lakini alfajiri na magharibi, wakati ndege wanapochangamka, mboni hupanuka, na darubini yenye duara dogo itakuonyesha giza mahali ambapo mwenzako anaona ndege. Hiyo 90×80, kama ingekuwa ya kweli, ingetoa duara lisilofika milimita moja, na mtikisiko wa mkono wako ungekuzwa mara tisini. Hiyo si darubini ya kushikwa kwa mikono, sembuse ndani ya boti. Namba hiyo imeandikwa ili kuuza.

Kuhusu fedha, sehemu kubwa inalipia mambo ambayo hayaonekani kwa nje. Lenzi moja ya kioo cha kawaida hupinda kila rangi kwa kiasi tofauti, bluu zaidi na nyekundu kidogo, ndiyo maana uliona zambarau kwenye kichwa cheupe cha furukombe. Dawa yake ni ya zamani: John Dollond wa Uingereza alipewa hataza mwaka 1758 ya lenzi iliyounganishwa kwa aina mbili za kioo, ili kosa la kimoja lisahihishwe na kingine. Darubini za gharama huongeza kioo maalumu chenye mtawanyiko mdogo wa rangi, ambacho ni ghali kukiyeyusha na kigumu kukisugua. Kisha uso wa lenzi hung'arishwa mpaka kasoro zake ziwe sehemu ndogo tu ya urefu wa wimbi la mwanga. Wimbi la kijani lina nanomita 550 hivi, na robo yake ni nyembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara.

Jambo la pili ni utando wa juu ya kioo. Kila uso wa kioo kitupu unaokutana na hewa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Ndani ya bomba moja la darubini ya kawaida kuna nyuso kumi hivi za namna hiyo, zikiwemo za prizimu (vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga ndani ya bomba), na hesabu yake ni kwamba theluthi moja ya mwanga hupotea kabla haujafika jichoni; mbaya zaidi, mwanga huo huzungukazunguka humo ndani na kuifanya picha iwe na ukungu mweupe. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni utando mwembamba wa kupunguza mwakisiko huo, na leo tabaka kadhaa zikipangwa vizuri hushusha upotevu hadi nusu asilimia au pungufu kwa kila uso, hivyo asilimia 95 hivi hupita. Namba 8×42 haikuambii lolote kuhusu hayo.

Dukani, shika darubini ukiielekeza kwenye dirisha lenye mwanga, kisha tazama kioo cha mbele kwa pembe. Utando mzuri hurudisha rangi hafifu ya kijani au zambarau iliyofifia. Ukiona taswira nyeupe kali ya dirisha, kioo hicho ni kitupu. Vioo vyekundu kama damu viepuke, kwa sababu vinairudisha nyuma rangi nyekundu na kukuachia picha ya kibluu, na tumbo la furukombe lenye rangi ya kahawia nyekundu litaonekana kama limefuliwa likachuja. Halafu isogeze darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono na utazame lile duara la mwanga nyuma: liwe duara kamili. Likiwa na kingo za kijivu zinazolikata kuwa kama mraba, prizimu zake ni za kioo duni au ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Lipime kwa rula, gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa kipimo hicho, na utajua ukuzaji wake halisi bila kumwuliza muuzaji.

Mtazama Ndege wa Nyegezi

Ninakubaliana na Fundi kwa mengi, lakini nisingependa msomaji aondoke akiamini kwamba 8 ndiyo jibu la kila mtu. Mimi natumia 10×42 nikiwa nchi kavu, hata Rubondo niliitumia nikiwa ufukweni, na kwa ndege wadogo waliojificha kwenye matete tofauti kati ya 8 na 10 inaonekana. Ndani ya boti ni habari nyingine. Injini ikiwa inaunguruma au mawimbi yakipiga ubavuni, ule ukuzaji wa ziada unakula faida yake wenyewe, na eneo linaloonekana huwa dogo zaidi, hivyo mgeni asiyezoea anamtafuta mnandi anayeruka kwa muda mrefu hadi ndege ametoweka. Kwa wageni nunua 8, au hata 7 ukiipata.

Ningeongeza suala la umbo, ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Darubini zenye mabega mapana, ambazo lenzi za mbele zimetanuka kuliko za nyuma, zinatumia prizimu za muundo wa Ignazio Porro wa Italia, aliyezisajili mwaka 1854. Zile zilizonyooka kama mabomba mawili zinatumia prizimu za paa, ambazo ni nyembamba na rahisi kuziba maji, lakini zinadai usahihi mkubwa zaidi kiwandani, kwa sababu mwanga hugawanyika kwenye ukingo wa paa kisha huungana tena ukiwa umepishana kidogo. Zeiss walianza mwaka 1988 kuweka utando wa kusahihisha mpishano huo, na darubini iliyonyooka isiyo na utando huo hutoa picha iliyolegea hata kama lenzi zake ni nzuri. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, yenye mabega mapana itakupa picha bora kuliko iliyonyooka ya bei ileile. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazizuii maji, na kwenye boti hilo si jambo dogo.

Wageni wanaovaa miwani ya kusomea au kuonea mbali wakumbuke pia. Wao huhitaji darubini inayoruhusu jicho kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi ya nyuma, na yenye vikombe vya mpira vinavyokunjika. Vinginevyo wataona tundu dogo katikati ya giza.

Mhudumu wa Macho

Ndugu Nahodha, mwanga unaoakisiwa na uso wa maji yaliyolala hutikisika zaidi katika ulalo mmoja, yaani sambamba na maji. Miwani ya polaraizi ina utando unaouzuia mwanga wa ulalo huo na kuupitisha mwingine, ndiyo sababu mng'ao hupungua na mawe ya chini huonekana. Hata hivyo haifanyi kazi sawasawa kila mahali unapotazama. Kwa maji, nguvu yake ni kubwa zaidi pale mwanga unapofika machoni kwa pembe ya nyuzi 53 hivi kutoka wima. Macho yako yakiwa mita moja na nusu juu ya maji, hapo ni kama mita mbili mbele yako. Ukitazama chini wima, haitakusaidia sana, na ukiinamisha kichwa upande, mng'ao utarudi. Aidha, inaondoa mwakisiko tu. Maji ya ghuba yetu yakiwa ya kijani kwa mwani, hakuna miwani itakayokuonyesha mwamba ulio ndani kabisa.

Naomba uzingatie tofauti kati ya weusi wa kioo na kinga dhidi ya miale ya urujuanimno (UV), kwa sababu ni vitu viwili. Kioo cheusi kisicho na kinga hupunguza mwanga unaouona, mboni ikapanuka, na miale usiyoiona ikaendelea kupita. Kwa upande mwingine, lenzi ya policarboneti isiyo na rangi yoyote huzuia karibu miale hiyo yote. Tafuta iliyoandikwa UV400 na yenye daraja la 3, ambalo hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga. Daraja la 4 ni jeusi zaidi na halifai kwa kuendesha gari. Maandishi yanaweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo peleka miwani kwenye duka la miwani lenye kipimo cha miale hiyo, wakupimie. Polaraizi unaweza kuipima mwenyewe: chukua jozi mbili, weka lenzi ya moja mbele ya nyingine, kisha uizungushe robo mzunguko. Zikiwa za kweli, kutakuwa giza.

Sisi tuko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kuelekea mboni kinahusishwa na miale hii, na watu wanaoshinda majini bila kofia wala miwani wamo katika hatari zaidi. Kofia yenye ukingo mpana, kwa maoni yangu, ni nusu ya kazi, na ni rahisi kuliko vyote mnavyojadili hapa.

Nahodha wa Ghuba

Nawashukuru sana. Nimerudi mjini na rula. Ile ya 20×50 ina kioo cha mbele cha milimita 50 kweli, na duara la nyuma ni milimita 5, kwa hiyo nimepata ukuzaji wa 10. Duara lake ni zuri na vioo vina rangi ya kijani hafifu. Muuzaji amenikubalia niichukue hadi kesho nikaijaribu. Je, hesabu hiyo inatosha? Na nitaitunzaje kwenye unyevu huu, maana kamera ya jirani yangu imeota kitu kama utando wa buibui ndani ya lenzi?

Fundi Kamera

Haitoshi bado, kwa kuwa baadhi ya viwanda huweka pete ndani ya bomba inayoziba kingo za lenzi ya mbele ili kuficha ukungu wa pembeni, na hapo milimita 50 za rula zinakuwa za mapambo. Usiku, rekebisha fokasi ya darubini kwa kitu cha mbali sana, shika tochi ya simu kama mita moja nyuma ya lenzi ya jicho, kisha weka karatasi nyeupe karibu kabisa na lenzi ya mbele. Duara la mwanga litakalotokea kwenye karatasi ndicho kipenyo kinachofanya kazi. Likiwa milimita 40, basi una 8×40 iliyoandikwa 20×50, ambayo kwa boti yako ni bora zaidi, ila bei ijadiliwe upya. Kagua pia kama mabomba yote mawili yanatazama sehemu moja: lenga mlingoti wa simu ulio mbali, kisha iondoe darubini machoni polepole huku ukiendelea kutazama mlingoti. Ukiona miwili iliyopishana juu na chini, irudishe bila majadiliano, kwa sababu hiyo ndiyo inayowapa watu maumivu ya kichwa baada ya muda mfupi.

Utando wa buibui wa jirani yako ni kuvu, na hutoa asidi inayokula utando wa lenzi, hivyo ukichelewa hata kusafisha hakurudishi kioo kilivyokuwa. Usihifadhi darubini kwenye mfuko wake wa ngozi. Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani yake ukiweka silika jeli (punje za kufyonza unyevu) ya aina inayobadilika rangi, nayo ikishalowa unaikausha kwenye joto la nyuzi 120 hivi na kuitumia tena. Mchele haufai, unaacha vumbi la wanga. Darubini zilizojazwa nitrojeni kavu na kuzibwa haziingizi unyevu kirahisi, na kwa ile yako mwenyewe ningekushauri uongeze fedha kwa ajili ya sifa hiyo kabla ya nyingine yoyote. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakipondeka kwenye kioo, usifute kwa kanga wala fulana: puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mpira, kisha tone la maji ya kusafishia lenzi juu ya kitambaa chake, ukianzia katikati kwenda nje.