Tumelipishwa kupanda minara ya taa iliyofungwa, na wakala anatuambia "si mliiona?"

Ndugu zangu, mbele yangu ipo stakabadhi iliyogongwa muhuri wa ofisi moja ya wakala wa safari hapa katikati ya Nairobi, na mstari wake wa nne unasema hivi: "Viingilio na kupanda minara ya taa mitano, watu wawili, Sh 46,000." Katika minara hiyo mitano hatukupanda hata mmoja. Yote tuliikuta imefungwa, tena haikufungwa kwa dharura wala kwa mvua ya siku hiyo, bali kwa sababu kila mwaka hufungwa wakati huo, jambo ambalo mtu anayejiita mtaalamu wa safari za Marekani alipaswa kulijua kabla ya kupokea shilingi yangu ya kwanza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi ubaoni jinsi nuru inavyopinda ndani ya kioo, na kila mara nimewatajia yule Mfaransa, Augustin Fresnel, ambaye katika miaka ya 1820 alipanga vipande vya kioo kwa mizunguko hata taa ndogo ya mafuta ikaweza kuonekana na mabaharia walio makumi ya kilomita kutoka pwani. Lenzi yenyewe sijawahi kuiona kwa macho yangu. Mke wangu naye ni mzaliwa wa Homa Bay, na hakuna ziwa duniani ambalo hataki kulilinganisha na lake. Tulipotimiza miaka ishirini ya ndoa tukakubaliana kuzunguka kwa gari pwani ya mashariki ya Ziwa Michigan, kwa kuwa jimbo la Michigan ndilo lenye minara mingi ya taa kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, na kwa kuwa vimji vyake vidogo vimepangana kando ya maji kama shanga.

Nilimweleza wakala waziwazi kwamba mwalimu husafiri shule zinapofungwa, yaani Novemba. Ningetaraji angalau asite kidogo. Jibu lake, ambalo bado ninalo kwenye simu, lilikuwa: "Novemba ni nzuri sana mwalimu, hakuna msongamano." Nakiri kwamba hapo hakudanganya. Msongamano haukuwepo.

Tulilipa Sh 412,000 bila nauli ya ndege, kwa gari, malazi ya usiku tisa, viingilio na kivuko. Tabu ilianzia Chicago, katika kaunta ya gari la kukodi, ambako karani alitaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ilhali wakala alikuwa ametuhakikishia kwamba kadi yangu ya kawaida ya benki ingetosha. Saa tatu zilitupita pale na mizigo yetu kabla ya kaunta ya jirani kukubali kadi hiyo kwa amana kubwa na baada ya kukagua tiketi zetu za kurudi. Hilo ningelisamehe. Hata kuendesha upande wa kulia wa barabara, huku mke wangu akinikumbusha kila tulipofika njia panda, kulikuwa kwa namna fulani ni sehemu ya raha.

Mnara wa kwanza, White River, ulikuwa umefungwa. Tukajipa moyo kwamba labda ni siku ya mapumziko. Wa pili ulikuwa Little Sable, karibu na kijiji cha Mears, na huo ndio niliovukia bahari kuuona, kwa sababu mnara huo wa matofali wa mwaka 1874 bado una lenzi yake ya awali kule juu. Unasimama peke yake mchangani, bila hata nyumba ya mlinzi, maana ilibomolewa zamani. Mlango una kufuli, na mtu mwenye kujali alikuwa amelifunika kwa mfuko wa plastiki na kuufunga kwa kamba ili mchanga usiingie. Nililishika kufuli lile. Mtu hafuniki hivyo kufuli atakalolifungua kesho, na ndipo nilipoelewa kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilirudi nyuma hatua arobaini hivi, nikainua shingo, nikaona mng'ao wa kioo kupitia madirisha ya juu, na huo ndio mwisho wa ukaribu wangu na lenzi ya Fresnel.

Katika mji wa Pentwater tulitafuta chakula tukakuta maduka mengi yamefunga pazia. Mama mmoja aliyekuwa akipanga viti vyake ndani ya duka alitutazama kwa huruma akatuuliza ni nani aliyetuelekeza huko mwezi huo. Nikaona haya kumwambia kwamba tulimlipa.

Mnara wa tatu, Big Sable, haufikiwi kwa gari. Umo ndani ya hifadhi ya jimbo karibu na mji wa Ludington, na mgeni hutembea takribani kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, kwenye njia ya mchanga kati ya vilima na ziwa. Ratiba ya wakala haikutaja kutembea; ilisema "kuwasili mnarani saa kumi jioni." Naomba mtu anisaidie kuelewa ratiba hiyo, kwa sababu katikati ya Novemba jua la huko huzama saa kumi na moja na robo hivi. Tulitembea tukipigwa na upepo uliotufanya tuzungumze kwa ishara, mke wangu akiwa amejifunga leso kichwani juu ya kofia, hadi ukatokea mnara wenye mistari myeusi na myeupe, wenye urefu wa takribani mita 34, uliosimama hapo tangu mwaka 1867. Ni mzuri kweli, siwezi kuunyima haki yake. Mlangoni palikuwa na karatasi ya kuwaaga wageni hadi majira ya kuchipua. Tukarudi gizani kwa mwanga wa simu. Njiani mke wangu, ambaye hadi hapo hakuwa amelalamika, alisema tu kwamba Ziwa Viktoria ni kubwa zaidi, na ni kweli, kwa kuwa Michigan lina takribani kilomita za mraba 58,000 na letu lina zaidi ya 68,000, kisha akanyamaza hadi hotelini.

Sasa kuhusu kivuko. Ratiba ilitutaka tuvuke ziwa kutoka Ludington hadi Manitowoc kwa meli ya SS Badger, meli ya mvuke inayotumia makaa ya mawe na iliyoanza kazi mwaka 1953. Tuliandikiwa kwamba tiketi tungezichukua gatini. Tulipofika, meli ilikuwa imefungwa kamba na gati ni tupu, kwa kuwa msimu wake huisha Oktoba. Kwa hiyo tiketi hizo hazikuwahi kununuliwa, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akiuza tiketi ya safari isiyokuwepo, na bado stakabadhi yangu inaonyesha Sh 29,000 za kivuko. Kukosea tarehe ni uzembe, lakini kupokea pesa za tiketi ambayo hukuinunua kuna jina lake, na jina hilo ninaliacha kwa hakimu.

Minara miwili iliyobaki, Point Betsie na Old Mackinac Point, nayo ilikuwa imefungwa. Kule Mackinac kitu pekee kilichokuwa wazi kwa ajili yetu ni lile daraja la kilomita nane lililofunguliwa mwaka 1957, ambalo taa zake ndizo zilizoufanya mnara wa jirani uachishwe kazi mwaka huohuo, na ada yake tuliilipa wenyewe.

Nisiambiwe kwamba hayo ni mambo ya ndani sana ambayo mtu wa Nairobi hangeweza kuyajua. Sifa mbaya ya dhoruba za Novemba katika maziwa yale si siri: meli ya mizigo Edmund Fitzgerald ilizama katika Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na watu wake wote 29. Misimu ya minara na ya kivuko imetangazwa kwenye intaneti, na mimi mwenyewe niliipata kwa dakika tano nikiwa kitandani Ludington. Ndiyo, ningeweza kuitafuta mapema. Lakini kama kazi ya kutafuta ilikuwa yangu, ile ada ya "upangaji wa ratiba" niliyotozwa ilikuwa ya nini?

Tangu turudi nimefika katika ofisi hiyo mara nne. Mara mbili bosi hakuwepo. Mara ya tatu niliambiwa nije kesho. Mara ya nne nikamkuta, akanikaribisha chai, akasema kwa upole: "Lakini mwalimu, minara si mliiona?" Nilimwonyesha neno "kupanda" kwenye stakabadhi yake mwenyewe. Akalisoma, akasema hilo ni kosa la mpiga chapa.

Ninachodai ni Sh 75,000, yaani viingilio na kivuko, basi. Sidai fidia ya mchanga wala ya giza. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Aliyewahi kupeleka dai la aina hii naomba anieleze kama ujumbe wa simu hukubaliwa kama ushahidi au lazima uchapishwe na kuthibitishwa, na aliyeuziwa safari ya namna hii na wakala yeyote asizitupe stakabadhi zake.

Jana usiku wakala ameniandikia akinipa punguzo la asilimia kumi kwa safari yetu ijayo. Sijamjibu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa katika mahakama ya Milimani na bahasha yangu.